Unaenda Zambia? Panga pesa zako kabla ya kupanda ndege

Mteja wetu mmoja alishuka Lusaka usiku, akienda kumuuguza dada yake aliyekuwa amelazwa hospitali. Kwenye simu alikuwa na pesa za kumtosha wiki mbili. Mfukoni alikuwa na shilingi 500 za Kenya, pamoja na kadi ya benki ambayo hajawahi kuitumia nje ya nchi. Alinunua laini ya Zambia pale uwanjani, akachomoa ya Kenya na kuendelea na safari.

Kwa mashine ya ATM, kadi ikakataa. Akafungua programu ya benki ili airuhusu kadi kutumika nje, benki ikatuma namba ya uthibitisho kwa ile laini aliyochomoa. Alipoirudisha haikushika mtandao, kwa sababu roming haikuwa imewashwa. Mwenye teksi naye amesimama anangoja. Ilibidi shemeji yake atoke hospitalini aje kumlipia.

Hakuna aliyemwibia. Pesa zake zilikuwepo zote, shida ni kwamba hangeweza kuzifikia. Tumeandika makala haya ili yasikupate hayo.

Makaratasi kwanza

Mkenya hahitaji viza kuingia Zambia. Hakikisha tu pasipoti yako ina angalau miezi sita kabla ya kuisha muda. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu wanaotoka Kenya huulizwa. Chanjo huhesabika kuanzia siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hivyo usingoje wiki ya safari. Kama ulishachanjwa zamani, cheti hicho ni cha maisha. Malaria iko, kwa hivyo ongea na daktari kuhusu dawa ya kuzuia.

Jambo moja ambalo wengi hawajui: nguo za rangi za kijeshi haziruhusiwi kwa raia. Iache nyumbani ile kofia ama suruali ya jangol.

Usiue laini yako ya Kenya

Laini yako ndiyo ufunguo wa pochi yako, na mara nyingi wa benki pia. Kabla ya kuondoka Kenya:

- Washa roming na uthibitishe imewaka. Ukishafika kule umechelewa.
- Zima data ya roming ili bando lisikumalize. Ujumbe mfupi wa benki utaendelea kuingia.
- Tumia simu ya laini mbili: ya Kenya ikae palepale, ya Zambia iingie nafasi ya pili.
- Ijulishe benki yako unasafiri wapi na kwa siku ngapi.

Laini ya Zambia husajiliwa kwa pasipoti. Sajili kwa jina lako mwenyewe. Usikubali kuuziwa iliyosajiliwa tayari kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu pochi hiyo itakuwa kwa jina lake, si lako.

Jina moja si pochi moja

Mjini Lusaka utajisikia nyumbani. Kila kona ina ajenti: vibanda vya njano vya MTN, vyekundu vya Airtel, vya kijani vya Zamtel. Watu hulipia mboga, umeme na nauli kwa simu kama sisi.

Lakini usidanganyike na rangi. Airtel iko Kenya na iko Zambia, ila pochi ni mbili tofauti. Pesa ulizonazo Kenya hazitatokea zenyewe kwa ajenti wa Lusaka. Lazima zitumwe kama pesa za kuvuka mpaka, na ziingie kwa pochi iliyosajiliwa kule. Kabla ya kutuma angalia mambo matatu: ada, kiwango cha kubadilisha, na kiasi atakachopokea mtu kwa kwacha. Hicho cha tatu ndicho cha kulinganisha, maana ada ndogo inaweza kuficha kiwango kibaya.

Jaribu na kiasi kidogo ukiwa bado nyumbani, kwa mfano kumtumia mwenyeji wako. Kikifika, umeijua njia.

Kwacha na keshi

Pesa ya Zambia ni kwacha, yenye ngwee 100. Noti mpya, ikiwemo ya kwacha 500, zilianza kutumika tarehe 31 Machi 2025, na noti za zamani zikapewa mwaka mmoja tu wa kutumika pamoja nazo. Kwa hivyo kagua chenji yako, na kama una kwacha zilizobaki kutoka safari ya zamani, usizihesabu kama nauli.

Usitegemee kubadilisha shilingi za Kenya ukifika. Beba dola kiasi, noti safi zisizochanika, ubadilishe benki au kwa duka la kubadilisha fedha. Wanaopita barabara kupitia Tunduma na Nakonde watakutana na wabadilishaji wa mkononi mpakani. Hesabu zao huwa za haraka na noti hupunguka zikikunjwa. Waepuke.

Simu ikizima, pesa imezima

Zambia hutegemea sana umeme wa maji. Ukame wa 2024 ulishusha maji ya Bwawa la Kariba, na stima ikawa inapotea kwa saa nyingi kila siku. Beba pawabenki iliyojaa, na keshi ya siku mbili. Pasipoti ipige picha, namba za jamaa ziandike kwa karatasi.

Ukienda kuona maporomoko

Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni kama kilomita 470, na basi huchukua karibu siku nzima ya mchana. Mosi-oa-Tunya hujaa maji sana mwezi wa Aprili. Oktoba na Novemba upande wa Zambia hukauka sehemu kubwa, kwa hivyo panga tarehe kulingana na unachotaka kuona. Ukivuka daraja kwenda upande wa Zimbabwe, kumbuka ni nchi nyingine: pochi yako ya Zambia usiitegemee huko, na dola ndogondogo ndizo zitakusaidia.

Chakula hakitakusumbua. Nshima ni ugali, na kapenta ni ndugu wa omena. Ukisema "Muli bwanji?" kwa salamu na "Zikomo" kwa asante, Lusaka itakupokea vizuri.

Kabla ya kufunga begi

Jiulize swali moja: nikipoteza njia moja ya kupata pesa, nina nyingine? Uwe na tatu, yaani simu, kadi na keshi, na zisikae mfuko mmoja. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatutakuuliza kamwe.

Yule mteja wetu alirudi Zambia miezi michache baadaye, dada yake akiwa amepona. Safari hii teksi alilipa mwenyewe. Safari njema.