Kamera Iliyowasikiliza Mabinti

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini je, akina mama wenzetu, hakuna binti ambaye mama yake mwenyewe ndiye aliyemshika miguu siku ya uchungu huo, na tangu hapo hajaulizwa aliumia kiasi gani? Wapo, tena ni wengi. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tumekutana nao katika wodi ya wazazi. Wanakuja kujifungua wakiwa watu wazima, na siri hiyo wamekuwa wakiibeba peke yao tangu utoto.

Mwezi huu tunapenda kuwaeleza habari za mwanamke mmoja aliyetumia kamera yake kuwapa mabinti kama hao nafasi ya kusema, na mama zao nafasi ya kusikia.

KIM LONGINOTTO NI NANI?

Kim Longinotto ni mtengenezaji wa filamu na mtetezi wa haki za wanawake. Alizaliwa Uingereza mwaka 1952. Mwaka 1976, akiwa mwanafunzi wa chuo cha filamu, alitengeneza filamu kuhusu shule ya bweni aliyosoma alipokuwa msichana, ili watu waone jinsi wanafunzi walivyotendewa humo. Muda si mrefu baadaye shule hiyo ilifungwa. Hapo ndipo alipoanzia.

Tangu wakati huo amekwenda nchi nyingi, na mara nyingi amefanya kazi pamoja na wanawake wenyeji. Mwaka 1998, yeye na mtaalamu wa Kiirani, Ziba Mir-Hosseini, walitoa filamu kuhusu wanawake wanaodai talaka katika mahakama ya mjini Tehran. Mwaka 2005, pamoja na Florence Ayisi wa Kameruni, alitoa filamu iitwayo "Sisters in Law". Humo tunawaona mwendesha mashtaka Vera Ngassa na hakimu Beatrice Ntuba wa mji wa Kumba wakiwatetea wanawake waliopigwa na waume zao na watoto walioteswa.

Namna yake ya kufanya kazi ni ya pekee. Anashika kamera mwenyewe, na wasaidizi wake ni wachache. Katika filamu zake si kawaida kusikia sauti ya msimulizi ikitueleza nani mbaya na nani mwema. Watu wanasema wenyewe, nasi tunaachiwa kupima.

SIKU AMBAYO BINTI HATAISAHAU

Filamu inayotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki ni ile aliyoitoa mwaka 2002, "The Day I Will Never Forget", yaani siku ambayo sitaisahau kamwe. Ilipigwa nchini Kenya, na habari yake ni ukeketaji wa wasichana.

Ndani yake yumo muuguzi wa Kisomali anayezungumza na familia na kuwatibu mabinti waliokeketwa na kushonwa. Hagombezi wala hatukani mila za mtu. Anaketi nao, anawasikiliza, kisha anawaeleza madhara. Tulipomwona tulijifunza jambo, kwa maana wengi wetu katika zahanati tuna haraka ya kukaripia kuliko kuuliza.

Wamo pia wasichana wa eneo la Marakwet, katika Bonde la Ufa, waliokimbia makwao na kwenda mahakamani kuomba wazazi wao wazuiwe kuwakeketa. Si jambo dogo kwa mtoto kusimama mbele ya hakimu na baba yake ameketi upande wa pili.

Lakini aliyetutoa machozi ni msichana mdogo wa shule ya msingi. Ametunga shairi kuhusu siku aliyokeketwa, na analisema mbele ya kamera. Kisha anamkabili mama yake. Hamlaani. Anamwambia yuko tayari kumsamehe, ila anamwomba ahadi moja: mdogo wake asifanyiwe alivyofanyiwa yeye.

Tuliitazama filamu hii pamoja na akina mama wa kikundi chetu kanisani. Ilipofika hapo, hakuna aliyekohoa. Baadaye mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hasemi sana, alisema polepole, "Binti yangu hajaniambia kitu kuhusu siku ile. Wala mimi sijamuuliza." Binti huyo sasa ana watoto wake.

JE, NI HALALI KUPIGA PICHA?

Hatuna budi kusema ukweli kwamba filamu hii ina sehemu ngumu. Mabinti wa nyumba moja wanakeketwa nyumbani kwao huku kamera ikiwapo, na kilio chao kinabaki masikioni. Katika kikundi chetu yalizuka mabishano. Wengine waliuliza, mtu mzima anawezaje kusimama na kamera yake badala ya kumnyang'anya ngariba wembe?

Sisi tuliofundishwa kutunza siri ya mgonjwa na kumwondoa katika hatari swali hilo lilitusumbua, na hata leo hatujalimaliza. Twajua kwamba tungekuwa chumbani mle tungeiweka kamera chini. Hata hivyo, mabinti waliokeketwa siku ile katika vyumba vingine, mahali pasipo kamera, hakuna aliyesikia kilio chao. Kwa miaka mingi sisi tuliandika madhara hayo katika kadi za wagonjwa, na kadi zikafungwa kabatini.

MADHARA TUNAYOYAJUA

Madhara yenyewe si ya kubahatisha. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 28,000 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Ilionekana kwamba waliokeketwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufanyiwa upasuaji wakati wa kujifungua, kuvuja damu nyingi, na kupoteza watoto wachanga. Kadiri walivyokatwa zaidi ndivyo hatari ilivyoongezeka. Nasi twaongeza tuliyoyaona wenyewe: mkojo kutoka kwa shida, makovu yanayochanika, na ndoa zisizo na furaha kwa sababu ya maumivu.

Wako wanaosema afadhali kazi hiyo ifanywe na muuguzi kwa vifaa safi. Tunasema bila kuficha: hakuna ukeketaji ulio salama. Sindano ya ganzi haibadilishi kinachoondolewa.

MABADILIKO YAPO

Hatusemi kwamba filamu moja ndiyo iliyoleta mabadiliko. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2001 ilikwisha kukataza ukeketaji wa watoto, na mwaka 2011 ikatungwa sheria inayoukataza kwa wote. Tanzania iliukataza kwa walio chini ya miaka 18 mwaka 1998. Takwimu za kitaifa za wanawake wa miaka 15 hadi 49 zinatia moyo. Nchini Kenya waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, na asilimia 15 mwaka 2022. Tanzania walikuwa asilimia 18 mwaka 1996, na asilimia 8 mwaka 2022.

Lakini sheria haiingii chumbani alfajiri pamoja na bibi na shangazi. Anayekuwamo ni mama. Na mama huyo mara nyingi hamchukii bintiye. Anaogopa asije akakosa mume, au akachekwa kisimani. Ndiyo maana kazi ya Longinotto ina thamani kwetu: haimwiti mama mnyama. Inamketisha mbele ya mtoto wake, amsikie.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kikundi chenu kikipata filamu ya namna hii, viongozi waitazame kabla. Haifai kwa watoto wadogo. Baada ya kuitazama, msikimbilie chai wala hotuba. Waacheni watu wakae kimya kidogo, kisha waseme.

Pili, mkumbukeni mwenzenu aliyekeketwa. Asinyoshewe kidole. Akiwa mjamzito, ashauriwe kumweleza muuguzi mapema kliniki, si siku ya uchungu.

Tatu, mkisikia binti anaandaliwa kukeketwa, msingoje. Mwoneni ofisa wa ustawi wa jamii au polisi, au pigeni namba 116 ya kusaidia watoto, inayotumika Kenya na pia Tanzania.

Mwisho, tuwasikilize binti zetu. Yule mama mzee wa kikundi chetu alisafiri mwezi uliofuata kwenda kumtembelea bintiye. Waliyozungumza hakutuambia, nasi hatukuuliza. Alitueleza jambo moja tu: mjukuu wake wa kike hataguswa.