Nani Alingoja Zaidi? Rekodi za Wazee wa Muziki, Kuanzia Lualaba

Wenzetu wa michezo wana raha yao. Saa imepimwa, mita zimepimwa, bingwa hana mjadala. Nilipojaribu kukusanya rekodi za wanamuziki wakongwe walioingia studio pamoja uzeeni, kila niliyemvika taji alitokea mwingine wa kumvua, kwa kipimo kingine.

Tuanze na kipimo rahisi, umri. Tony Bennett wa Marekani alitoa Love for Sale, albamu ya nyimbo za jazz aliyoimba na Lady Gaga, akiwa na miaka 95 na siku 60, na Guinness wakamwandika kuwa mzee kuliko wote waliowahi kutoa albamu ya rekodi mpya. Alikuwa tayari anaugua ugonjwa wa kusahau. Mwenzake wa studio alikuwa amezidiwa umri kwa karibu miaka 60, yaani angeweza kuwa mjukuu. Hiyo ilikuwa Oktoba 2021. Kisha Februari 2025 akaja Marshall Allen, mpiga saksafoni aliyejiunga na bendi ya Sun Ra mwaka 1958 na kuiongoza tangu 1995, akatoa New Dawn, albamu yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa na miaka 100. Ya kwanza!

Lakini umri, kwa maoni yangu, ni kipimo cha kivivu. Mzee mwenye bendi, vyombo na kampuni ya kumrekodi akifika miaka 90, tunamshukuru Mungu kwa afya yake, basi. Mimi nataka kujua ni nani alingoja zaidi: ni miaka mingapi ilipita kati ya rekodi ya ujanani na ile ya miaka ya mwisho, huku vidole bado vinaijua njia? Kwa kipimo hicho hatuna haja ya kwenda mbali.

Sandoa iko magharibi, katika nchi ya Walunda na Wachokwe. Bunkeya iko mashariki, katika nchi ya Bayeke. Tangu 2015 zote mbili zimo katika jimbo moja la Lualaba, nchini Kongo, na katikati kuna Kolwezi na mashimo yake ya shaba na kobalti. Vijana wa pande hizi walikwenda kwenye miji ya migodi kutafuta mshahara, na huko wakakutana na gitaa. Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya aliyezaliwa 1930, alikuwa akipiga barabarani Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomkuta mwaka 1952 na kumrekodi. Mwenda alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na ukisikiliza wimbo wake Masanga unaweza kuapa kwamba wanaopiga ni watu wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na ndugu yake Edouard Masengo walikuwa Nairobi, sauti zao zikitangaza vidonge vya Aspro. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani.

Halafu dunia ikahamia kwenye magitaa ya umeme, na wapigaji wa gitaa kavu wa Katanga, jimbo la zamani lililokuwa na Lualaba ndani yake, wakaonekana watu wa zamani kabla hata hawajazeeka. Mwingereza John Low alipokuja Shaba, ndilo jina la Katanga wakati huo, mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwatafuta akina Mwenda, Masengo na Losta Abelo ili wamfundishe, Mwenda hakuwa amefika miaka 50. Safari ile ikazaa kitabu, Shaba Diary, cha mwaka 1982. Mwenda aliingia studio mjini Cape Town mwaka 1988, miaka 36 baada ya ile siku ya Jadotville.

Miaka 36 ni mingi, ila mbele ya Wendo Kolosoy ni kidogo. Wendo, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa meli za Mto Kongo na bondia, alitamba na Marie-Louise mwaka 1948, akiwa na mpiga gitaa Henri Bowane. Baadaye aliupa muziki mgongo kwa miongo kadhaa. Alirudi miaka ya 1990, na mwaka 2007 ikatoka Banaya Papa Wendo, akiwa na wakongwe wenzake, yeye akiwa na miaka 82. Kutoka sahani ile hadi albamu hii ni miaka 59. Alifariki mwaka uliofuata. Kwa upande wa Kongo taji nampa yeye, na sioni wa kulipokonya.

Hapa msomaji mkali atauliza: tulianza na jazz, hao ni wapiga rumba, jazz iko wapi? Jazz iko kwenye jina. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, OK Jazz ilizaliwa Kinshasa tarehe 6 Juni 1956, NUTA Jazz 1964. Kwetu jazz ilimaanisha bendi yenye magitaa na tarumbeta, suti zilizopigwa pasi na watu wa kucheza. Ya Duke Ellington ilikuwa ya Duke Ellington. NUTA Jazz ilibadilishwa majina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika, ikaishia kuitwa Msondo Ngoma, na mwaka 2024 ilitimiza miaka 60 ikiwa bado inapiga. Kwa bendi kudumu, Tanzania inatushinda; OK Jazz haikumaliza miaka 40.

Hilo la chama cha wafanyakazi si jambo dogo. Katika bendi nyingi za Tanzania mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi: chama, jeshi, polisi, au tajiri wa baa. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake na koo lake. Siku alipozeeka au kugombana na uongozi, gitaa lilibaki kwenye stoo ya bendi, naye akarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana wengi walingoja. Hawakuishiwa nyimbo, walikosa vyombo.

Mwaka 1993 shirika la HelpAge International, ambalo kazi yake ni wazee na wala si muziki, lilisaidia kuwakusanya Dar es Salaam wakongwe wa bendi za miaka ya 1960 na 1970. Wakajiita Shikamoo Jazz. Huku kwetu Katanga salamu ni jambo, kwa hiyo utamu wa jina hilo ulichelewa kunifikia: ni bendi ambayo hata kuitaja tu ni kuiamkia. Ndani yake alikuwamo Salum Zahoro, aliyewahi kuongoza bendi ya Kiko Kids ya Tabora. Mwaka 1995 walizunguka Uingereza kwa tamasha la Africa 95 wakiwa na wageni wawili: Fundi Konde wa Kenya, mwenye miaka 71, na Bi Kidude wa Zanzibar, ambaye mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Karani wa rekodi angemfanyaje Bi Kidude? Alirekodi na Shikamoo Jazz, akaendelea kuimba hadi karibu na kifo chake Aprili 2013, na kila aliyemkadiria umri alitaja namba yake. Mimi ningempa taji la umri bila cheti.

Na Tabora ile ya Kiko Kids si ugenini kwetu. Msiri, aliyeijenga Bunkeya, alitoka upande huo wa Unyamwezi kwa njia ya pembe na shaba, na Bayeke ni uzao wa msafara wake. Zahoro na Mwenda, ukirudi nyuma vizazi vichache, ni watu wa njia moja.

Kwa mauzo hakuna ubishi: Buena Vista Social Club, nakala zaidi ya milioni 8. Ilirekodiwa Havana Machi 1996 kwa siku sita. Compay Segundo alikuwa na miaka 88. Rubén González, 76, hakuwa hata na piano nyumbani. Ibrahim Ferrer, 69, alikuwa akipata riziki kwa kung'arisha viatu. Vyombo tena! Na mpango wa awali haukuwa huo. Walitarajiwa wapigaji wawili kutoka Mali wapige na Wakuba, karatasi za safari zikawakwamisha. Nadhani hakuna wageni wengine ambao kutofika kwao kumeuza sahani nyingi hivyo.

Wakongo waliwajibu Wakuba kwa mkono wao. Kékélé, iliyoundwa Paris mwaka 2000 na akina Papa Noël, Nyboma, Wuta Mayi, Bumba Massa na Syran Mbenza, ilitoa Kinavana mwaka 2006, nyimbo za Guillermo Portabales wa Kuba zikiimbwa kwa Kilingala. Papa Noël alifariki Novemba 2024. Mwezi huohuo Dar es Salaam ilimzika King Kiki, mzaliwa wa Lubumbashi wa 1947, ambaye bendi yake ya mwisho aliipa jina la Wazee Sugu.

Mwenda hakuungoja uzee. Alifariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na miaka 60. Nyimbo za Cape Town zilitoka Marekani mwaka 1994, na juu ya jalada wakaandika kwamba huyu ni gwiji wa gitaa la Afrika.