Visiwa vya Ssese: Namna ya kupanga mapumziko bila kuhatarisha maisha

Kwa wakazi wa Kisoko, Tororo na Busia, mapumziko ya kisiwani hayahitaji ndege. Visiwa 84 vya Ssese, wilayani Kalangala, vimo upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Kikubwa kuliko vyote ni Bugala.

Mpango mzuri huanza na ratiba ya meli. Kwa kawaida MV Kalangala hung'oa nanga Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, na kufika Lutoboka, Bugala, baada ya takriban saa tatu na nusu. Hurejea asubuhi inayofuata. Kwa kuwa Tororo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kampala, ni busara kulala Entebbe, na kuulizia safari mapema, kwani meli husitishwa inapofanyiwa matengenezo.

Anayeikosa asikimbilie mashua iliyosheheni. Agosti 2023, watu 20 walikufa maji baada ya mashua iliyotoka Kalangala kuzama. Polisi walitaja mzigo kupita kiasi na hali mbaya ya hewa.

Njia mbadala ni kivuko cha Bukakata hadi Luku, upande wa Masaka, kinachobeba hata magari.