UZIO WA MBAO UNAOHAMISHIKA: PIMA GARI NA MIKONO KABLA YA KUPIMA MBUZI

Tangu nianze kuposti uzio wa mbao unaohamishika, maswali yamejaa WhatsApp. Unatumia mbao gani? Vipande vingapi? Unasafirishaje? Leo natoa hesabu yote, pamoja na namna ya kuuza mtandaoni bila kumdanganya mtu.

Tuanze na mteja. Kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga mpaka Bagamoyo mjini kuna viwanja vingi vilivyonunuliwa lakini havijajengwa. Mwenye kiwanja yuko Dar. Anayelima au kufuga pale kaazimwa au kakodi. Huyo hawezi kujenga ukuta kwenye ardhi ya mtu. Lakini mbuzi wake wakiingia kwenye mihogo ya jirani, ni kesi kwa mtendaji na fidia juu. Anataka uzio ambao siku akiambiwa "nakihitaji kiwanja changu", anaubeba na kuondoka nao. Uzio wake ni mali yake, haubaki kwenye ardhi ya mwingine.

Kwa hiyo mimi siuzi uzio, nauza vipande. Na kipande kinapangwa kwa vitu vitatu: urefu wa ubao, gari litakalobeba, na mikono ya atakayehamisha. Mbuzi anakuja wa nne.

1. UREFU: FUTI 6

Mbao za paini tunazonunua huku nyingi zina futi 12. Ukikata kipande cha futi 6, ubao unatoa viwili, hakuna mabaki. Ukikata futi 7, kila ubao unakuachia futi 5 za kuni. Hapo faida yako imeenda jikoni.

Halafu gari. Bodi la kirikuu lina urefu wa futi 6 na kidogo. Kipande cha futi 6 kwa futi 4 kinaingia chote, hakuna kinachoning'inia nyuma. Vipande 12 vikisimamishwa kwa ubavu vinakaa trip moja.

Mikono sasa. Kipande kimoja kikiwa kikavu kina uzito wa karibu kilo 20, kama ndoo kubwa ya maji. Watu wawili wanakibeba huku wanapiga stori. Mbao mbichi ni nzito zaidi na zikikauka zinapinda, kwa hiyo usikimbilie kugonga mbao zilizoshushwa jana.

2. MBAO ZA KIPANDE KIMOJA

- Miguu 2 ya 2x2, kila mmoja futi 4.
- Mbao 5 za kulala za 1x4, kila moja futi 6.
- Ubao 1 wa mshazari wa 1x4, futi 7 na kidogo.
- Ubao 1 wa kusimama katikati wa 1x4, futi 4.

Ubao wa mshazari na wa katikati vyote vinatoka kwenye ubao mmoja wa futi 12. Mimi nanunua 1x8 nazipasua katikati zinakuwa 1x4. Kwa vipande 12 hesabu inakuja hivi: mbao 21 za 1x8 na mbao 8 za 2x2. Andika namba hizo ukutani. Bei ya mbao inapanda na kushuka, idadi haibadiliki.

3. NAFASI KATI YA MBAO

Anza chini kwenda juu: acha inchi 3 kutoka ardhini, kisha 4, kisha 5, kisha 7, juu kabisa 9. Ubao wa mwisho uwe sawa na ncha ya mguu. Chini kunabana kwa sababu ya watoto wa mbuzi, juu kunaachia ili upepo wa kusi upite na usiangushe uzio. Mteja akiwa na mbuzi wenye pembe, mwambie aongeze wavu wa waya upande wa ndani. Pembe zikishapita, kichwa hakirudi.

4. UPANDE GANI UGONGWE WAPI

Hapa ndipo mafundi wengi wanapishana na mfugaji. Mbao za kulala zigongwe upande wa ndani, aliko mnyama. Mbuzi akisukuma, anaukandamiza ubao kwenye mguu. Ukigonga nje, kila akisukuma anang'oa msumari.

Ubao wa mshazari ukae nje. Ukikaa ndani, mbuzi anaufanya ngazi. Uubane katikati ya miguu miwili, ugonge kwenye kila ubao wa kulala. Usiusahau, maana ndio unaozuia kipande kulegea na kulala upande. Ubao wa kusimama katikati unakaa ndani. Misumari ya katikati ikunjwe ncha upande wa nje isimchune mnyama.

Huku pwani chumvi ya bahari inakula chuma. Tumia misumari na waya wa mabati. Bawaba za bei rahisi ziache, zikishika kutu hazifunguki.

5. KUUNGANISHA

Kamba ya katani mbuzi anaitafuna. Mimi natumia vitanzi viwili vya waya, juu na chini, vinavyozungushwa kwenye miguu miwili iliyokaa pamoja. Kipande chochote kinakuwa geti: toa vitanzi, fungua.

Mchanga wetu haushiki nguzo fupi, lakini kona inajishikilia yenyewe. Ukiweka vipande vitatu kila upande unapata boma la futi 18 kwa 18. Upande mmoja usizidi vipande vitatu bila kushikizwa. Ukizidi, chomeka nondo ndefu ardhini nyuma ya kiungo na uifunge kwa waya.

6. HESABU INAYOUZA YENYEWE

Vipande 12 vikiwa mraba vinatoa futi za mraba 324. Vilevile 12 ukivipanga vinne kwa viwili, unapata 288. Ukiwa na vipande 24, mraba unakuwa futi 36 kwa 36, yaani futi za mraba 1,296. Mteja kaongeza vipande mara mbili, eneo limeongezeka mara nne! Mchoree kwenye karatasi, piga picha, mtumie. Wengi waliokuja kuulizia 12 wanarudi kwa 24.

Kuhamisha nako kuna mbinu. Boma likisogea hatua moja pembeni, upande mmoja unabaki palepale. Unahamisha vipande tisa tu.

7. SAMADI NDIYO FAIDA YA PILI

Zamani kule Uingereza wachungaji walikuwa wanasogeza vipande vya uzio shambani kila siku, kondoo wanakula na samadi inabaki palepale. Jirani zetu wa Laikipia, Kenya, wana maboma ya ng'ombe yanayohamishwa, na mahali boma lilipokaa majani yanaota kwa nguvu, alama inaonekana miaka mingi. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa au wa mihogo Kiromo haya anayaelewa haraka. Badala ya kubeba samadi kwa toroli, boma linatembea lenyewe.

Kuhama kunasaidia na mchwa pia, hawapati muda wa kuweka makazi. Uzio ukipumzika, uwekwe juu ya matofali. Mbao za dawa ni nzuri, lakini usimpe mnyama mabaki yake atafune, wala usiyachome jikoni. Oili chafu usiipake mahali mnyama anaporamba.

8. USIUZE USICHOKIJUA

Huu uzio unazuia mbuzi, kondoo na ndama kutoka. Hauzuii fisi, chui wala mwizi kuingia. Mama mmoja wa kaskazini, upande wa kuelekea hifadhi ya Saadani, aliniandikia anataka vipande 24 mbuzi wake walale nje usiku. Ilikuwa oda kubwa kwangu. Nikamjibu: "Mama, mchana sawa. Usiku walaze bandani." Akachukua 12 tu. Mwezi uliofuata akaniletea wateja wawili wa kijijini kwake. Mbuzi mmoja akiliwa ndani ya uzio wako, kijiji kizima kitakujua kwa jina la fisi.

Na mtu akikuletea boriti za mikoko za bei ya kutupa, achana naye. Mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali. Risiti za mbao zako ziwe mkononi unaposafirisha, mizigo ya mbao inakaguliwa barabarani.

9. KUPOSTI NA KUPOKEA ODA

- Piga picha mtu ameshika kipande, ukubwa uonekane.
- Rekodi video ya watu wawili wanafunga boma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, usikate.
- Andika bei kwa kipande, nauli iandike peke yake. Ukichanganya, mteja wa karibu anaona umemuibia.
- Uza kwa dazeni. Vipande sita vinakuachia nusu ubao wa 1x8.
- Chukua advansi inayotosha kununua mbao. Ufundi na faida unamalizia kupokea mzigo ukishafika.
- Uliza maswali matatu kabla ya bei: mnyama gani, wangapi, na ardhi ni yako au umeazimwa? Jibu la tatu ndilo litakalokuambia kama anahitaji uzio huu au nguzo za kudumu. Akihitaji nguzo, mwambie ukweli na umuelekeze kwa fundi wa nguzo.

Anza na vipande 12, uvifunge uwanjani kwako, weka mbuzi wa jirani ndani siku mbili. Yeye ndiye mkaguzi asiyepokea rushwa. Ukiona kavuka, utajua wapi pa kurekebisha kabla mteja hajakupigia.

Haya, kazi kwenu. Mtumie mwenzako mwenye karakana ya mbao.