Stata Mpya, na Somo la Cheche

Mwezi uliopita, hapa Maskati, pikapu inayotulisha ilikataa kuwaka, ukizungusha ufunguo ilitoa "ta!" moja tu. Betri tuliipima: volti 12.6, na taa hazikufifia. Kasoro basi ilikuwa ya stata. Kijana wetu, kwa pupa, akatia spana kwenye waya mnene wa stata kabla hatujaifungua betri. Spana ikagusa bodi, cheche zikaruka, alhamdulillahi, hakuungua.

Ndugu zetu, fungueni kwanza waya wa hasi wa betri, na mwisho wa kazi urudisheni baada ya nyaya zote. Gari likiinuliwa litegemezwe kwa stendi za chuma, lisiachwe juu ya jeki pekee. Riali za fundi tumeziokoa, lakini mkono wa mwana hauna bei.