Maandalizi ya Uzazi Bondeni: Utangulizi kwa Anayeanza

Ukitoka Sumbawanga mjini, mkoani Rukwa, kwenda kata ya Milepa bondeni, unashuka. Mji umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi, na katikati umesimama ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Juu kuna baridi, mahindi, ulezi na maharage. Bondeni kuna joto, mpunga, ufuta, ng'ombe na mbu. Naomba msomaji aanze na mteremko huo kabla hajasoma lolote kuhusu maandalizi ya uzazi. Mama wa Milepa hushikwa na uchungu chini ya mlima, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko juu yake.

Taaluma ninayokukaribisha inauliza jambo moja kwa njia nyingi: familia ifanye nini katika miezi tisa ili siku ya uchungu isiwakute mikono mitupu? Wataalamu huiita maandalizi ya kujifungua na utayari wa kukabili dharura. Ndani yake wamo wauguzi wakunga, wanahistoria, wanaanthropolojia na wachumi, na ningependa wawemo pia wahandisi wa barabara. Naamini kabisa kwamba hata asiye na cheti chochote, ila amewahi kukesha na mzazi, ana la kuchangia humu.

Wageni wengi huanza na swali la kujifungulia nyumbani: ni salama au si salama? Likiulizwa hivyo halina jibu, kwa sababu linachanganya mambo mawili. Kuna uzazi wa nyumbani uliopangwa, na kuna uzazi uliomkuta mama nyumbani. Uholanzi na Uingereza, mwanamke asiye na dalili za hatari anaweza kupanga kujifungulia chumbani kwake. Mkunga aliyesomea na kusajiliwa humfuata, akiwa na dawa ya kuzuia damu, kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua na mashine ya kupima presha. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuatilia uzazi wa wanawake zaidi ya 64,000 wenye mimba zisizo na hatari. Kwa waliokwisha kuzaa, watoto wa waliopanga kuzalia nyumbani hawakupata madhara zaidi kuliko wa waliopanga kuzalia hospitali. Kwa mimba ya kwanza, hatari kwa mtoto iliongezeka kidogo. Lakini takwimu ninayoirudia kila mara kwa wanafunzi ni nyingine: kati ya waliopanga kumzalia nyumbani mtoto wao wa kwanza, 45 katika kila 100 walihamishiwa hospitali, wakiwa bado na uchungu au mara baada ya kujifungua.

Sasa isome takwimu hiyo ukiwa umesimama Milepa. Wanawake wale walihamishwa kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwepo, barabara ilipitika, na kule lilikokwenda walikuwepo daktari, chumba cha upasuaji na damu. Uzazi wao wa nyumbani ulilindwa na vitu vilivyokuwa nje ya nyumba. Ndiyo maana nasema mahali pa kuzalia hupimwa kwa kile kitakachofuata mambo yakiharibika saa nane za usiku. Kwa kipimo hicho, mimi nasimama na mwongozo wa Wizara ya Afya: mama wa bondeni ajifungulie zahanati au kituo cha afya, mikononi mwa mkunga aliyesomea. Nasema hivyo bila kuwadharau wanaozalia nyumbani, maana wengi wao hawakuchagua. Milepa yenyewe ina kituo cha afya, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kata ina vijiji na vitongoji vyake, na mwenye uchungu hutembea kwa miguu yake au hupanda pikipiki.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha makala ambayo kila anayeingia humu lazima aisome. Walisema vifo vya wazazi hutokana na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ni mgawanyo mwepesi, na umedumu kwa sababu unashika ukweli. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba unaanzisha saa pale uchungu unapoanza. Bondeni saa imekwisha kuanza zamani.

Chukua mimba iliyoingia mwezi Mei, mpunga unapovunwa. Itatimia Februari. Februari ni katikati ya msimu wa mvua: mito inayoteremka kutoka ukingoni hujaa ghafla, tope hushika magurudumu, na bodaboda aliyekubali safari ya mchana hukataa ya usiku. Ndio wakati pia ghala limepungua na hela ya mavuno imekwisha. Kwa hiyo uzazi wa Februari hupangwa Julai, gunia la mpunga linapouzwa. Nauli isipotengwa siku hiyo, ikafungwa kwenye kitambaa au ikawekwa kwenye simu ya mtu anayeaminika, haitapatikana baadaye isipokuwa kwa kukopa. Mkunga anayeuliza tarehe ya hedhi ya mwisho na kuhesabu siku 280 amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza mto wa kijijini utakuwaje mwezi huo, na ghala litakuwa na nini.

Hapo ndipo mpango huanza kuwa na sura. Kliniki ya kwanza kabla ya wiki 12. Mume aende naye angalau mara moja, asikie mwenyewe dalili za hatari: kutokwa na damu, kuumwa kichwa kikali na kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza. Mama mkwe naye asikie, kwa sababu mume akiwa shambani au machungani kauli huwa ya mama mkwe. Ajulikane atakayebaki na watoto na kuku. Anayekaa mbali, aliyewahi kupasuliwa au anayebeba mimba ya kwanza asogee mapema karibu na kituo, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiri kujifungua pale ilipo. Namba 115 ya mfumo wa m-mama, inayopigwa bure kuomba usafiri wa dharura wa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, ijulikane na kila mtu wa nyumba hiyo.

Kisha kuna beseni. Ndani yake kuna kanga safi, mpira wa kutandika, glavu, pamba, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, sabuni, nguo za mtoto. Sera inasema huduma za wajawazito ni bure, ila familia nyingi bado hujinunulia vitu hivi. Mtafiti mgeni huviona kama orodha ya manunuzi. Mwanamke huviona kwa macho ya wodi nzima: wenzake watatazama kanga zake, watatazama mtoto amefungwa na nini. Wapo wanaobaki nyumbani kwa aibu ya kanga moja iliyochakaa, na aibu hiyo huua kama umbali unavyoua. Anayesomea taaluma hii na asiulize habari za kanga ameacha jambo kubwa.

Lililo kubwa kuliko yote ni damu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumwondoa mwanamke mwenye afya katika muda wa saa mbili. Wa bondeni mara nyingi huingia kwenye uchungu akiwa na damu pungufu, kwa malaria na kwa lishe. Kiasi ambacho mwenzake angekivumilia, yeye hakivumilii. Kwa hiyo chandarua, dawa ya kinga ya malaria na vidonge vya madini ya chuma ni sehemu ya maandalizi ya uzazi, na ndugu wawili wenye afya wa kumsindikiza, wakijua huenda wakaombwa kuchangia damu, nao ni sehemu yake. Macho ya binadamu hayapimi damu vizuri: kanga hunywa, godoro hunywa, sakafu ya udongo hunywa. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambako mzazi alitandikiwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo. Mkunga aliona mara moja damu ilipofika kiwango cha hatari, akatoa huduma zote kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine. Matukio ya damu nyingi kupindukia na matokeo yake mabaya yalipungua kwa asilimia 60. Kipande cha plastiki chenye mistari!

Na mkunga wa jadi? Miaka ya 1970 na 1980 mashirika ya kimataifa na serikali nyingi, yetu ikiwemo, ziliwafundisha na kuwapa vifaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkazo ukahamia kwa mkunga aliyesomea, kwa kuwa mafunzo yale hayakuonekana kupunguza vifo kama ilivyotarajiwa. Hoja ni sahihi: hakuna mikono, hata iwe na hekima gani, inayoweza kumwongezea mama damu pasipo na damu. Lakini katika baadhi ya maeneo nchini zilitungwa sheria ndogo za kuwatoza faini wanaozalia nyumbani, na hilo nalipinga waziwazi. Faini humfanya mama afiche, na aliyeficha hamwiti mtu mambo yakiharibika. Bibi anayeaminika kijijini ndiye wa kwanza kuitwa. Akifanywa msindikizaji wa mzazi hadi kituoni, dakika za kuamua zinapungua. Takwimu za kitaifa zinatia moyo: waliojifungulia katika vituo vya huduma walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa 2015/16 na asilimia 81 katika ule wa 2022, na makadirio ya vifo vya wazazi yakashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Wastani wa taifa, hata hivyo, haushuki mlima kwa pikipiki.

Kwa kusoma, anza na Kathleen Smythe, aliyeandika historia ya familia za Wafipa wa Nkansi na Ukatoliki kati ya 1880 na 1960. Atakuonyesha jinsi malezi ya mtoto yalivyokuwa kazi ya ukoo mzima, jambo linaloeleza kwa nini uamuzi wa uzazi hadi leo si wa mtu mmoja. Soma pia habari za Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta, akatibu watu Karema tangu 1889 hadi alipofariki 1956. Hospitali iliyoko Sumbawanga ina jina lake. Denise Roth Allen, aliyefanya kazi Usukumani, atakufundisha kwamba hatari anazozihesabu mwanamke si lazima ziwe zile zilizo kwenye kadi ya kliniki, na Wasukuma wengi wamehamia bonde la Rukwa na mifugo yao. Fabiola Moshi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzake wamefanya utafiti mkoani Rukwa wakiwafundisha mume na mke pamoja, nao ndio walio karibu zaidi na Milepa.

Swali lililo wazi, na ninalotamani mmoja wenu alichukue, ni hili: je, bondeni mkunga aliyesomea anaweza kumfuata mzazi nyumbani, kwa mpango, kama kule Uholanzi? Dawa ya vidonge ya kuzuia damu, isiyohitaji jokofu, ipo. Simu ipo. Lingehitajika gari linalolala chini ya ukingo msimu wote wa mvua, na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi huko huko bondeni. Tena zahanati nyingi za vijijini zina mkunga mmoja au wawili tu. Akichukua mfuko wake kwenda kwa mzazi wa kitongoji cha mbali, atakayegonga mlango wa zahanati usiku huo huo atafunguliwa na nani?