Mwajiri Hulipa, Halipwi: Tahadhari kwa Wanaotafuta Kazi za Kufanyia Nyumbani

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wanaijua butura: kuuza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa shida ya leo haisubiri mavuno. Utapeli wa kazi za mtandaoni unafanana nayo, ila ni mbaya zaidi. Katika butura mkulima hupata walau fedha kidogo mkononi. Katika utapeli huu, mwenye shida ndiye anayetoa fedha, na mavuno anayoahidiwa hayapo.

Hatusemi kwamba kazi za kufanyia nyumbani hazipo. Wapo wanaoishi kwa kutafsiri, kuingiza takwimu au kutengeneza programu za kompyuta wakiwa majumbani mwao. Kwa kijana aliyemaliza masomo Kaisho au Nkwenda, au mama mwenye mtoto mchanga Omurushaka, kazi ya namna hiyo ni msaada mkubwa. Matapeli wanalijua hitaji hilo, nao hulitumia.

Mtego unavyofanya kazi

Kwanza huja ujumbe katika simu, mara nyingi kupitia kikundi ulichounganishwa bila kuombwa. Kazi ni nyepesi: kutazama video, kubofya matangazo, kusifu bidhaa. Huulizwi elimu wala ujuzi. Siku za mwanzo unalipwa kweli, shilingi elfu chache, nawe unaamini.

Kisha unatakiwa kulipia ili upande daraja na kulipwa zaidi, na unaahidiwa kamisheni kwa kila mtu utakayemleta. Hapo ndipo ukweli ulipofichwa. Video unazotazama hazina mnunuzi. Fedha unayopewa ni ya aliyejiunga baada yako. Wapya wakipungua, malipo husimama. Ukitaka kutoa fedha zako, unaambiwa ulipe kwanza “kodi” au “ada ya kufungua akaunti”. Kumbuka kwamba kodi ya mshahara hukatwa na mwajiri kabla ya kukulipa. Hutumwi kuilipa kwa namba ya simu ya mtu.

Nchi yetu imekwisha kuumia kwa njia hii. DECI, iliyokusanya fedha za watu kwa jina la “kupanda na kuvuna”, ilisimamishwa na Serikali mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Jeshi la Polisi liliwakamata watu katika mikoa kadhaa kuhusiana na LBL, ambayo washiriki wake walilipa kiingilio wakiahidiwa ujira wa kutazama matangazo ya filamu. Majina hubadilika, lakini njia ni ileile.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja

• Jiulize: nani ananunua kazi hii, na kwa nini? Ukikosa jibu, acha.

• Kataa kazi inayodai ada ya fomu, mafunzo, kifaa au daraja. Maombi ya kazi za Serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira hayalipiwi.

• Hakiki jina la kampuni BRELA. Hata hivyo, cheti cha usajili si kibali cha kupokea amana za watu. Kibali hicho hutolewa na Benki Kuu.

• Usimpe mtu namba yako ya siri, wala namba ya kitambulisho cha Taifa usiyemjua. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

• Usikubali kuharakishwa. Kazi ya kweli haipotei kwa kuwa umelala usiku mmoja ukiitafakari.

Ikiwa umekwisha kulipa

Usitume fedha nyingine kwa matumaini ya kuokoa za kwanza. Piga simu mara moja kwa huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, kwani fedha ambayo haijatolewa huenda ikazuiwa. Hifadhi ujumbe wote na kumbukumbu za miamala, kisha toa taarifa kituo cha polisi. Ujumbe wa kitapeli utume bure kwenda 15040. Mtu akikuahidi kukurudishia fedha zako kwa malipo, mwepuke. Mara nyingi ni tapeli yuleyule.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Anayeingia katika mtego huu kwa kawaida huvutwa na ndugu, jirani au mwenzake wa kikoba, naye aliyemvuta alimtakia mema. Ukigundua umedanganywa, waambie uliowaleta siku hiyohiyo. Aibu itapita, lakini ada ya shule, mkopo wa kikundi au fedha ya kahawa ya mwaka mzima ikishatumwa, hurudi kwa nadra.